Kutoka Tabora Kwenda Kigoma Bila Kupitia Dar

Mizani ilisoma kilo 29, nami nikadhani imeharibika. Dumu lilikuwa la lita 20. Tangu shule ya msingi najua lita moja ni kilo moja, kwa hiyo lita 20 ni kilo 20, na tiketi yangu iliruhusu 23. Hesabu hiyo niliimaliza usiku kitandani, nikalala usingizi mnono. Kijana wa kaunta alinitazama kwa upole wa mtu aliyekwisha kuliona jambo hili mara nyingi.

"Hii ni asali, mzee wangu," akasema. "Kilo moja kwa lita ni maji."

Kweli. Lita moja ya asali ina uzito wa kama kilo moja na gramu 400, na mtu ambaye mama yake ni Mnyamwezi wa Tabora hakustahili kufundishwa jambo hilo uwanja wa ndege, foleni ikiwa nyuma yake. Mjomba wangu, aliyekuja kunisindikiza, alikwenda kusimama mlangoni akicheka peke yake. Yeye ndiye aliyeijaza ile asali, ndiye aliyelipandisha dumu kwenye bajaji na kulishusha. Alikuwa anajua. "Nilitaka uone mwenyewe," akaniambia baadaye. "Nyie wa Dar mnapenda hesabu."

Hawakulichukua, na sikubisha. Ndege ilikuwa imejaa abiria wa Kigoma waliopandia Dar, na Tabora si Dar. Uwanja wake uko karibu mita 1,180 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na joto la mchana linaizidishia wepesi, kwa hiyo ndege lazima ikimbie zaidi ardhini kabla mabawa hayajapata cha kuegemea. Kila kilo inahesabiwa. Halafu asali huvuja, na ikivuja kwenye mizigo ya watu sabini hakuna atakayeuliza ilikuwa ya nani, maana mwenyewe atajulikana kwa uso. Mjomba akalinyanyua dumu lake. "Itakuja na reli," akasema, kama mtu aliyekuwa amepanga hivyo tangu mwanzo.

Hivyo ndivyo nilivyoondoka Tabora mikono mitupu kwenda Ujiji kwa shangazi yangu, katikati ya Ramadhani iliyoangukia masika, na asali yake ya futari ikabaki nyuma.

Usiku uliotangulia, tukiwa bado tumezunguka sinia, mtoto wa mjomba alikuwa amenitolea hesabu nyingine. Alikuwa na simu mkononi. "Kaka, Tabora na Kigoma ni kilomita 350 tu. Dakika 26. Hata soda hujaimaliza."

Kilomita 350 hazina ubishi. Miji hii miwili iko karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa mashariki na magharibi: Tabora iko nyuzi 5 na kidogo kusini ya ikweta, Kigoma inapungua kidogo kufika 5. Kinachoitenga ni nyuzi 3 na ushee za longitudo, na huku karibu na ikweta kila uzi mmoja ni kama kilomita 111. Zidisha mwenyewe. Rubani atakwambia ni maili 190, lakini hizo ni maili za baharini, kila moja kilomita 1.852, kwani watu wa anga walirithi vipimo vya mabaharia na hawajaviacha. Wapo pia wanaopenda kutukumbusha kwamba dunia ni mviringo, na kwamba mstari ulionyooka kwenye ramani si njia fupi kuliko zote. Kwa anayetoka Dar kwenda Marekani, hilo ni jambo kubwa. Kati ya Tabora na Kigoma tofauti ya njia hizo mbili haifiki hata mita moja. Bajaji ya mjomba ni ndefu kuliko hiyo.

Dakika 26 ndizo zilizonitia shaka. Simu ilichukua kilomita 350 ikagawanya kwa 800, mwendo wa ndege ya jeti ikiwa juu kabisa, kana kwamba ndege inazaliwa juu ya paa za Tabora ikiwa tayari katika mwendo huo na kufia juu ya paa za Kigoma bila kupunguza. Ndege haisafiri hivyo. Inajikokota hadi mwisho wa barabara yake, inageuka, inasubiri ruhusa, inakimbia, inapanda kwa shida, na ikishafika juu na kutulia inakuta nusu ya njia imekwisha, ianze kushuka. Kwenye safari fupi sehemu ya mwendo kasi ni ndogo mno kiasi kwamba jeti na ndege ya pangaboi hupishana kwa dakika chache tu. Hii ndiyo sababu ya pangaboi kutawala njia za mikoani: inakula mafuta kidogo, na inaridhika na barabara fupi za kurukia kama ya Kigoma, ambayo nilivyoizoea mimi haikufika kilomita mbili. Watu wetu huziita zote Bombadia, hata ile ambayo haikutoka kwenye kiwanda hicho.

Na kuna jambo ambalo simu haikumwambia binamu yangu kabisa. Simu inapima masafa kati ya viwanja viwili hata kama hakuna ndege inayotoka kimoja kwenda kingine.

Miaka michache iliyopita nilikuwa Tabora hiyo hiyo nikapigiwa simu ya msiba wa Ujiji. Nikakimbilia kwa wakala wa tiketi. Wiki ile hapakuwa na ndege ya kutoka Dar iliyotua Tabora kisha ikaendelea Kigoma. Wakala, mama mmoja mwenye sauti ya kubembeleza, akanipa ushauri bila hata kuona ajabu: nenda Dar leo, ulale, kesho upande ya Kigoma. Nilitoa karatasi nikaandika. Tabora hadi Dar, kwa mstari wa angani, ni kama kilomita 730. Dar hadi Kigoma ni kama 1,080. Jumla 1,810, ili nifike mji ulio kilomita 350 upande wa pili. Ni sawa na mtu wa Kariakoo aambiwe ili afike Magomeni apitie Chalinze. Nilipanda basi alfajiri, nikafika watu wameshazika.

Safari hii nilibahatika. Ndege ilipitia.

Niliketi dirishani upande wa kushoto, pangaboi likiwa mbele kidogo ya bega langu. Jirani yangu alikuwa mzee wa Ujiji mwenye kofia ya kazi ya mkono na tasbihi, anayerudi nyumbani kutoka kwa watoto wake Dar. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umepandia hapa?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi wewe umekuja kumalizia tu."

Nilitazama saa magurudumu yalipoachana na ardhi: saa 11 na dakika 5 jioni. Tabora ilijikunja chini yetu haraka, mabati, miembe, reli inayogawanyika, moja kwenda Mwanza na nyingine kwenda tunakokwenda. Miembe hiyo ina historia yake. Kutoka pwani hadi Ujiji ndiyo iliyowatajia wasafiri kwamba hapa palikuwa na njia, maana wenye misafara walikula maembe na kutupa kokwa, na wengine walipanda kwa makusudi. Baada ya hapo ni miombo, kijani kibichi cha masika kisicho na mwisho, na mashamba yaliyotobolewa ndani yake kama viraka.

Mhudumu alipita na juisi na biskuti. Mzee akatia zake kwenye mfuko wa kanzu. Kijana aliyeketi ng'ambo ya ujia, mwenye vifaa vya masikioni shingoni, alizitazama zake kwa uchungu.

"Mzee, lakini msafiri si anaruhusiwa kula?" akauliza.

"Aliyetoka kwake kabla ya alfajiri," mzee akajibu. "Wewe umetoka kwako saa ngapi?"

"Saa saba mchana."

"Haya."

Kimya kidogo, kisha mzee akaongeza, akinielekea mimi kama shahidi: "Na mimi hata ningekuwa na ruhusa, ruhusa ya kukaa kitini hivi naionea haya."

Maneno yale yalinikaa. Masafa ya safari inayomruhusu Mwislamu kupunguza sala, vitabu vya Kishafii havikuyaanzia kwenye kilomita. Vinasema marhala mbili, yaani mwendo wa siku mbili wa ngamia waliobeba mizigo. Wanachuoni wa leo hukadiria kilomita 80 na kitu, lakini asili yake ni siku na uchovu. Wanyamwezi waliobeba pembe kwenda pwani nao walihesabu hivyo hivyo. Mpagazi hakuulizwa ni umbali gani. Aliuliza kuna kambi ngapi, na kama kati ya kambi na kambi kuna maji. Pasipo na maji msafara ulipiga telekeza: waliondoka mchana baada ya kula, wakalala njiani bila maji, wakayawahi asubuhi yake. Kipimo kama hicho huwezi kukipata kwa kuzidisha nyuzi.

Na mzigo wa mpagazi, kwa desturi, ulikuwa frasila mbili au zaidi kidogo. Frasila moja ni karibu kilo 16. Kwa hiyo dumu langu la kilo 29, lililokataliwa na mashine yenye injini mbili, lingepokelewa na Mnyamwezi mmoja bila maneno, tena akaweka juu yake mkeka wake wa kulalia na sufuria.

Dakika ya kumi na mbili hivi tulipita karibu na Urambo. Nilijua kwa reli na kwa mashamba ya tumbaku. Waingereza walijaribu kulima karanga hapa mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa matrekta na kwa majigambo, pamoja na Kongwa na Nachingwea, wakashindwa kote kutatu. Lakini jina la Urambo ni la Mirambo, na Mirambo ndiye mtu pekee ninayemjua aliyeweza kuzifanya hizi kilomita 350 zisipitike kabisa.

Mwaka 1871 aliifunga njia. Waarabu wa Tabora walipigana naye wakashindwa, na biashara ya Ujiji ikakatika katikati kama kamba. Henry Morton Stanley, ambaye alikuwa amekwama Tabora akimtafuta Livingstone, aliondoka Kwihara, kando ya Tabora, tarehe 20 Septemba mwaka huo. Hakuelekea magharibi. Alikwenda kusini kulizunguka eneo la vita, kisha akapinda kaskazini, na alipofika nchi ya Waha akachoshwa na hongo aliyodaiwa kila baada ya mwendo mdogo, mwisho akawapitisha watu wake porini usiku kama wezi wasisikike. Kwa hesabu ya shajara yake aliingia Ujiji tarehe 10 Novemba. Hizo ni siku 51. Ukizigawanya kilomita zetu 350 kwa siku hizo utapata kama kilomita 7 kwa siku, na hakuna mtu katika msafara ule aliyetembea kilomita 7 kwa siku. Walitembea nyingi mno. Zilizobaki ziliishia kumzunguka Mirambo.

Nikifikiria safari hizo, mtu ninayependa kumkumbuka si Stanley. Ni Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mdogo, akapelekwa India, akarudi Zanzibar akiwa huru. Aliifikia Ujiji mwaka 1858 pamoja na Burton na Speke, na akarudi tena mwaka 1871 katika msafara wa Stanley. Katika safari ile ya kwanza, walipofika kwenye kilima cha kulitazamia ziwa, Burton alikuwa amebebwa kwa sababu ya homa na Speke alikuwa na ugonjwa wa macho, haoni zaidi ya ukungu. Wazungu wawili walitoka kwao kuja kutazama ziwa, mmoja haoni. Bombay aliona vizuri. Hakuandika kitabu, na maneno yake ya siku ile tunayapata katika kitabu cha Burton.

Kuna hewa iliyochafuka ya masika ilitutikisa mara tatu nne. Mzee akafunga macho, tasbihi ikaenda mbio. Tulipotoka kwenye wingu, chini palikuwa pamebadilika. Ardhi ilikuwa imegeuka maji na majani, maji na majani, yaking'aa jua lilipoyapiga. Haya ndiyo mabwawa ya Malagarasi na Moyowosi, zaidi ya kilomita za mraba 32,000 zilizowekwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2000, eneo la kwanza la Tanzania kuingia kwenye orodha hiyo. Ukipita kwa treni unaona daraja na giza. Ukipita kwa barabara siku hizi unavuka Daraja la Kikwete, lililofunguliwa mwaka 2015, na kabla ya hapo kila masika yalikuwa na hadithi yake ya malori yaliyozama. Juu ndipo mahali pekee unapoweza kulielewa eneo lile, kwamba ardhi kavu ndiyo mgeni pale.

Na juu ndipo nilipouelewa mto wenyewe. Malagarasi unaanzia milimani mpakani na Burundi, si mbali na Ziwa Tanganyika. Ungeteremka tu magharibi ungefika ziwani siku hiyo hiyo. Badala yake unalipa ziwa mgongo, unaingia bara kuelekea mashariki, unageuka kusini, unapotea mabwawani, kisha unajikusanya na kuelekea magharibi kupitia Uvinza hadi ziwani. Safari ya kilomita 475 hivi ili kurudi karibu na pale ulipoanzia. Nilicheka peke yangu dirishani. Mto huu nao uliambiwa upitie Dar.

Upande wangu wa kushoto, mbali kidogo, ilikuwa Uvinza yenyewe, nilionyeshwa na moshi na paa. Watu wamechemsha chumvi kwenye chemchemi zile kwa zaidi ya miaka elfu moja, wakaiuza pande zote za ziwa. Naitaja kwa sababu ya neno moja ambalo serikalini na magazetini limekuwa kama salamu: pembezoni. Kigoma ni mkoa wa pembezoni. Pembezoni mwa nini? Kutoka uwanja wa ndege wa Kigoma, Kalemie ng'ambo ya ziwa ni kama kilomita 125. Bujumbura ni kama 180, Kigali kama 330, Tabora 350. Mji ulio mbali na hapo ni mmoja, Dar, nao ndio uliotoa jina hilo. Alipokuwa mwenye chumvi na pembe na nguo anakutana na mwenzake Ujiji, hapakuwa na pembe hapo. Palikuwa na soko. Njia zilipochorwa upya zote zielekee bandari moja, majirani wakawa wageni. Wajerumani waliifikisha reli Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo ilikuwa ya kuteremsha mali pwani. Ndege zilipokuja zikafuata mchoro ule ule. Mimi siilaumu ndege. Ndege inakwenda abiria waliko. Lakini ningependa tuliache hilo neno.

Reli ileile, kwa haki yake, imebeba vitu ambavyo kaunta yoyote ya ndege ingevikataa. Meli ya Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikavuka bahari, ikapanda behewa, ikaunganishwa tena Kigoma na kuingia majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha isichukuliwe na adui, ikakaa chini ya maji hadi 1924 ilipoibuliwa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina ililo nalo. Meli nzima ilipita pale chini. Dumu la asali halina sababu ya kuogopa.

Injini zilibadili sauti. Dakika ya thelathini na kitu masikio yakaziba, milima ikaanza kujitokeza kijani kikali na michikichi mabondeni, na mara, bila tangazo, ziwa likawa mbele. Nimezaliwa kando yake na bado linanishtua. Liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini kina chake kinafika mita 1,470, maana yake sehemu yake ya chini kabisa iko chini sana ya usawa wa bahari ya Dar. Jua lilikuwa bado limesimama juu ya milima ya Kongo, likituelekea usoni. Ndege ilikuwa ikilikimbiza tangu Tabora, na ilishindwa. Jua hutoka juu ya Tabora na kufika juu ya Kigoma kwa dakika 13 tu.

Magurudumu yaligusa saa 11 na dakika 48. Dakika 43. Si 26.

Mzigo wangu ulikuwa begi dogo, kwa hiyo nilisubiri mizigo ya mzee. Tukachangia teksi, mimi, yeye na yule kijana wa biskuti, ambaye kumbe anakwenda Ujiji kuoa na ilikuwa mara yake ya kwanza kufika. Tulisimama njiani mzee anunue mawese na migebuka, akasalimiana na nusu ya soko, muda ukaenda. Tulipokuwa tunarudi garini, simu ya kijana ikaadhini. Ilikuwa saa 12 na dakika 31. Akasema bismillahi kwa sauti ya mtu aliyekombolewa, akafungua chupa ya maji, akaifikisha mdomoni.

"Kijana!" mzee akasema.

Chupa ikasimama.

"Hiyo adhana ya wapi?"

Kijana akatazama simu. Akatutazama. Dereva, ambaye hakuwa amesema neno tangu uwanjani, akanyoosha kidole kupitia kioo cha mbele. Jua lile, jekundu na zima, lilikuwa limekaa juu ya ziwa likitutazama sisi sote.

"Ya Dar," kijana akasema polepole.

"Wa Dar wameshafuturu. Wanakunywa uji sasa hivi. Wewe uko Kigoma."

Hesabu yake ni nyepesi. Kati ya Dar na Kigoma kuna nyuzi tisa na nusu za longitudo, na jua hutumia dakika nne kwa kila uzi: dakika 38. Tanzania nzima tuna saa moja ya ukutani, iliyowekwa kwa kuwafaa wa mashariki, kwa hiyo huku Kigoma sala ya Magharibi huingia saa moja imeshapita. Wakazi wanajua bila kuambiwa. Wageni hujifunza kwa njia hii, na si vibaya, mradi yupo mzee garini. Simu ya kijana ilikuwa imeulizwa mara moja tu, akiwa Dar, naye hakuigusa tena. Akafunga chupa. Dereva akaendesha polepole kuelekea Ujiji, na zile dakika 38 zilikuwa ndefu kuliko zote 43 za angani, nakwambia.

Adhana ya Ujiji ilitukuta mlangoni kwa shangazi. Kijana aliingia nasi, hakuna aliyemwacha aende. Tulikula tende, uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi na migebuka, na shangazi akaniuliza asali iko wapi kabla hajaniuliza habari za Tabora. Nikamweleza habari ya mizani. Naye akacheka kama mjomba alivyocheka, ingawa hawajaonana miaka mingi.

Msomaji, ukiwa Tabora na una safari ya Kigoma, usiulize kwanza kilomita wala dakika. Uliza ndege ya Kigoma inapita Tabora siku gani, na kama haipiti, kata tiketi ya treni mapema, maana usiku mmoja kwenye behewa ni mfupi kuliko kulala Dar. Reli mpya ya kisasa ya kipande hicho mkataba wake ulitiwa saini Desemba 2022, ikikamilika nitaiandika. Na ukiwa unafunga, badilisha mji kwenye simu.

Asali ilifika baada ya siku nne, na mfanyabiashara wa dagaa aliyekuwa anarudi Kigoma kwa treni. Dumu lilikuwa salama, mfuniko umefungwa kwa mpira wa baiskeli kama mjomba alivyoufunga. Shangazi alilitazama kwenye mwanga, akasema limepungua kikombe kimoja. Yule bwana hakukana. Alisema ni hongo ya Uvinza.